Mtalii wa Kuku wa Mwanzi

Suntai alilipia safari ya watalii kwenda kijijini alikozaliwa. Wazo lilikuwa lake, na alijiona mjanja kweli, maana mtalii hafukuzwi. Angeenda peke yake, dada yake Mindu angeweza kumfungia mlango. Akishuka kwenye basi na kofia ya kampuni kichwani, Mindu atatabasamu, apende asipende.

Mindu ndiye aliyebaki na chumba cha wazazi wao katika ile nyumba ndefu ya kijiji, familia nyingi chini ya paa moja na baraza moja. Suntai aliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Sarawak, enzi ambazo mpaka ulikuwa njia ya msituni tu: unavuka asubuhi na kikapu cha pilipili mgongoni, jioni uko kwenu unaota moto. Baadaye wakaja askari na mihuri, wakaja watoto, mume akaugua, hili na lile. Mama akafa. Habari ilimfikia Suntai, na hakwenda. Tangu hapo kimya.

Basi lilipita forodha ya Badau, watalii vijana wakipiga picha hata kibao cha mpaka. Suntai alikuwa akiutafuta kwa macho mdoriani, ule mti wa matunda ya miiba, ambao Mindu aliwahi kumsukuma kutoka juu yake akaanguka. Pale sasa pana duka la simu.

Kijijini wakapokelewa kwa ngoma za shaba. Jogoo akapungwa juu ya vichwa vyao kuwabariki, na mlangoni kila mmoja akapewa tuak, ile pombe ya mchele. Aliyeshika jagi alikuwa Mindu, nywele nyeupe tupu. Macho yao yakakutana. Mindu alimtambua, maana kope lake moja lilicheza, kama zamani alipotaka kukufinya.

"Karibu, mgeni," akasema. "Poleni na safari."

Akamtandikia mkeka mzuri kuliko yote hapo barazani. Unchat, kijana aliyewaongoza, akamnong'oneza Suntai kwamba leo amependwa. Wenzake wakamwonea wivu. Yeye alitaka kulia. Nyumba ile ndugu hatandikiwi mkeka. Ndugu anaulizwa mbona umenenepa hivyo, anasukumiwa beseni la mboga achambue. Mlango wa chumba chao ulikuwa pale pale nyuma yake, na Mindu hakumwambia apite. Angemlisha kwa heshima, angemsindikiza basini kwa heshima, basi, undugu umekwisha.

Kikaja chakula, kuku aliyepikwa ndani ya mwanzi. Suntai akaonja. Mchaichai ule, tangawizi ile. Akakumbuka mvua kwenye paa, mama akipasua mwanzi kwa panga, wao wawili wakigombea supu ya chini. Ladha haikupungua hata kidogo. Lakini kusifu ni kazi ya mgeni.

"Kuku hana chumvi," akasema.

Unchat akakohoa, akasema mama huyu anapenda utani.

"Sitanii. Mama angemrushia mpishi mwiko."

Mindu akaweka sahani chini taratibu. "Mgeni hakuridhika?"

"Mgeni gani? Wewe si ulikuwa unanikojolea mkekani?"

"Kikojozi ulikuwa wewe." Sauti ya Mindu ikakwaruza. "Na mama alikuulizia mpaka siku ya mwisho. Nikamwambia uko njiani. Nilimdanganya mtu anayekufa, Suntai, kwa ajili yako."

Suntai akavua ile kofia. Akasema aliona aibu. Kwanza aibu ya kukosa mazishi, kisha kila mwaka aibu ikanenepa, mpaka ikamshinda kuibeba.

Mindu akaiokota ile sahani. Watalii walishaacha kutafuna.

"Chumvi iko jikoni," akasema mwishowe. "Kachukue mwenyewe. Hapa huna mtumishi."

Suntai akainuka, magoti yakilia, akavuka kizingiti. Mkono ukaenda wenyewe juu, kwenye kichanja cha juu ya moto, mama alipokuwa akiweka chumvi. Ukashika hewa. Hakukuwa na kichanja wala moto. Palikuwa na jiko la gesi, na jokofu lililobandikwa picha za watoto asiowajua. Akasimama pale, mkono bado juu, machozi yakimtiririka.

"Huko unatafuta nini?" Mindu alikuwa ameingia nyuma yake. "Chini, kushoto. Kushoto kwako, kipofu wewe. Na ukishaipata ukae hapo, kuna mboga ya kuchambua."