Mistari Miwili ya Shangazi Mjuzi

Ukimuuliza Mzee Mkasi alifanya kazi gani maisha yake yote, atakwambia alikuwa akikata maneno ya watu. Na hasemi uongo. Kwa miaka thelathini alikaa chumba cha nyuma cha gazeti moja akipanga ukurasa mmoja tu, uliotoka kila Jumamosi: mambo ya jikoni, ufugaji wa kuku, maajabu ya dunia na vichekesho. Makala ikizidi nafasi, aliipunguza mkiani. Ukurasa uliitwa "Nyumba na Banda", na mwandishi wake, kadiri wasomaji walivyojua, alikuwa mama mtu mzima aitwaye Shangazi Mjuzi. Shangazi mwenyewe alikuwa na masharubu, akivuta sigara kali, wala hajawahi kufuga hata njiwa.

Sasa amestaafu, mkewe ametangulia mbele ya haki, na anaishi kwa mwanawe wa pekee, fundi seremala. Mke wa seremala ndiye mfugaji wa kuku. Alikuja kwenye ndoa na cherehani pamoja na daftari la marehemu mama yake, lililojaa vipande vya "Nyumba na Banda" vilivyobandikwa kwa gundi ya unga. Kila asubuhi wakinywa chai alikuwa akilifungua na kusoma kwa sauti.

"Baba, kumbe maganda ya mayai yaliyopondwa yanasafisha chupa ndani! Huyu Shangazi alikuwa na kichwa, jamani. Ulipokuwa gazetini hukuwahi kumwona?"

"Nilimwona mara mojamoja," Mzee Mkasi alijibu, akijificha nyuma ya kikombe.

Angeweza kusema ukweli tangu siku ya kwanza. Mwanzoni aliona haya, mwanamume mzima kuitwa shangazi. Baadaye akaanza kuona utamu. Sifa ni sifa hata ukisifiwa kwa jina la mwanamke, na mzee asiye na kazi hazipati nyingi.

"Mama hakumwamini mtu kama alivyomwamini Shangazi," mkaza mwana alisema siku moja. "Hata alipofariki alikuwa kwenye kuku wake. Alifia usingizini, kando ya vifaranga, msimu wa baridi kama huu. Tulipomkuta midomo ilikuwa myekundu kama ya bibi harusi. Na vifaranga wote walimfuata, Baba, hakubaki hata mmoja. Watu walisema walimpenda mno."

Mzee Mkasi alitikisa kichwa kwa huruma, akaomba chai nyingine.

Baridi ilipoanza, mkaza mwana alikuwa amepokea vifaranga mia moja wa siku moja. Aliwaweka kwenye chumba kidogo cha uani, chini ya taa ya umeme. Lakini umeme wa mtaa ule ulikuwa mgeni, huja na kuondoka bila kuaga. Akafungua daftari mpaka mwisho, akasoma: "Vifaranga hufa zaidi kwa baridi kuliko kwa njaa. Weka jiko la mkaa katikati ya chumba, ziba kila mwanya kwa magazeti, nao watanawiri." Chini ya maneno hayo palikuwa na kichekesho kifupi, kama ilivyokuwa desturi ya ukurasa.

"Magazeti ninayo!" Mzee Mkasi alisema, na kwa furaha kabisa akaburuta sanduku lake kutoka mvunguni. Wakabandika siku nzima. Seremala naye akatengeneza mlango mpya, uliokaa kwenye fremu barabara, hata unyoya haupiti. Mzee alipoingia kuusifu alijikuta amezungukwa na kurasa zake mwenyewe kutoka sakafuni hadi darini. Akasimama kuzisoma. Kichwa kikaanza kumgonga, akailaumu miwani.

Siku ya tatu walikufa vifaranga kumi na mmoja. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa kuonekana. Walilala karibu na jiko, wamenyoosha shingo, wenzao wakiwakanyaga.

"Bado baridi inapenya," mkaza mwana alisema. Akabandika tabaka la pili, akaongeza mkaa.

Paka wa nyumba, ambaye tangu vifaranga waje alikuwa hafukuziki pale mlangoni, alihamia juu ya tangi la maji. Alikaa kule akiutazama mlango, na hata alipoitwa kwa dagaa hakushuka. Paka kukataa vifaranga, hilo lilitosha kumshtua mtu mwenye akili timamu, lakini katika nyumba ile kila mtu alikuwa na raha yake. Kwani siku hiyohiyo mkaza mwana alianza kusikia kizunguzungu na kutapika. Walikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. Seremala hakuuliza mara mbili. Aliruka karakanani kwake, akaanza kuchonga mbao za kitanda cha mtoto.

"Usihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa," mkewe alimwambia, lakini alikuwa akicheka, na mkono ameuweka tumboni.

Asubuhi iliyofuata macho ya mkaza mwana yalikuwa yanaona ukungu. "Baba, nisomee wewe leo," akamsukumia daftari. "Angalia pale pa vifaranga, huenda kuna kitu nimekosea."

Ilikuwa mara ya kwanza Mzee Mkasi kulishika lile daftari mwenyewe. Akasoma mistari yote mitatu, na alipofika kwenye neno la mwisho akarudi juu, akaisoma tena. Jicho la mkataji halisahau mahali lilipokata. Makala ile haikuwa yake; iliandikwa na bwana mifugo mmoja, tena ilikuwa na mkia: "Lakini acha dirisha moja wazi, wala mtu asilale humo, kwa maana hewa ya mkaa huua bila kubisha hodi." Mistari miwili. Kichekesho kilikuwa kimekosa nafasi ya mistari miwili.

Alikumbuka na zaidi. Juma lililofuata bwana mifugo alileta barua ya hasira, akidai maneno yale yachapwe. Mzee Mkasi, wakati huo bado kijana wa nywele nyeusi, aliona aibu Shangazi Mjuzi kuomba radhi mbele ya wasomaji. Akaitia barua kwenye mtoto wa meza, akaifungia.

Akafunua ukurasa uliofuata wa daftari. Mtupu. Akafunua mwingine. Mtupu. Daftari zima kuanzia pale lilikuwa jeupe.

"Hapo ndipo Mama aliishia," mkaza mwana alisema. "Nilikuwa na miaka tisa."

Mzee alilifunga daftari. "Mwanangu," alisema, "kule kwa vifaranga fungua dirisha kidogo."

"Wafe wote? Shangazi kasema kila mwanya!" Mkaza mwana alicheka kwa unyonge. "Baba, samahani, lakini wewe kuku unamjua akiwa kwenye sahani."

Neno moja tu lilitakiwa pale. Shangazi ni mimi. Angesemaje hilo bila kusema la pili, kwamba mama yako nilimuua mimi? "Leo mchana nina jambo la kukwambia," akasema.

"Utaniambia. Acha nikakae na wanangu kidogo, mvua hii haiwafai." Akajifunga khanga, akaingia uani.

Mzee Mkasi akabaki barazani, akiyapanga maneno yake. Aliyapanga kama alivyozoea kupanga makala. Hili kali mno, likate. Hili litamliza, likate na hilo. Kila alipoyapitia upya yalizidi kuwa mafupi, na mvua ilizidi kupiga bati. Woga, huo ndio uliokuwa umeshika mkasi, hakuna jina lingine la kuupa.

Mvua ikapungua. Hapo ndipo aliposikia kwamba hasikii kitu. Vifaranga karibu tisini, na hakuna hata mlio mmoja.

Alikimbia bila viatu. Aliusukuma mlango, ulikuwa umevimba kwa maji na kukaza kwenye fremu yake nzuri. Akapiga kelele za kumwita mwanawe, akazunguka nyuma na kuanza kulipiga dirisha kwa bakora. Kioo kilivunjika mara moja, lakini magazeti hayakuvunjika. Tabaka mbili zilizokauka na unga zilikuwa ngumu kama ubao, naye akazichana kwa kucha, jina la Shangazi likimpita mbele ya macho tena na tena. Seremala alifika na nyundo. Alipoung'oa ule mlango, mkewe alikuwa amelala kwenye maranda kati ya vifaranga, mkono umeegemezwa shavuni, kwa utulivu kabisa. Midomo yake ilikuwa myekundu kama ya bibi harusi.

Walimlaza matopeni, kwenye manyunyu. Seremala alimwita, akampigapiga mashavu, akalia. Mzee Mkasi hakulia. Alimshika mguu akarudia neno moja, samahani, samahani, mpaka yule mwanamke alipokohoa na kutapika.

Kwenye zahanati, tabibu alimwekea hewa ya mtungi, akampima. Kisha akawaambia wanaume wawili kwamba mimba haikuwepo, ila sumu ya mkaa tu, na kwamba wangechelewa dakika kumi wangekuwa wanatafuta sanda. Seremala alikaa chini kwenye sakafu.

Alipopata nguvu ya kusema, mkaza mwana alimtazama mkwewe. "Baba, uliniokoa. Ulijuaje?"

Na hapo Mzee Mkasi akasema. Safari hii hakukata kitu. Alimwambia Shangazi ni nani, na mkia wa makala ulisemaje, na kwa nini aliuondoa, na barua ya bwana mifugo ilifungiwa wapi. Alimwambia kuhusu kurasa nyeupe. Aliposema "mama yako" sauti ilimkatika, lakini akarudi na kulimaliza neno lake.

Mkaza mwana aliomba aletewe daftari. Seremala alilifuata nyumbani, akarudi nalo limefungwa kwenye mfuko lisilowe. Mkewe akalifungua ukurasa ule wa mwisho, akaweka kidole kwenye kichekesho chini ya makala.

"Ni hiki?"

"Ndicho."

Akasoma taratibu, kwa sauti iliyokwaruza. "Mume: Mke wangu, mbona jogoo wetu hawiki siku hizi? Nalala mpaka jua la utosi. Mke: Atawikaje, na wewe ndiye uliyelamba mchuzi wake?"

Seremala, kwa mazoea tu, alianza kutabasamu, kisha akainamisha uso.

"Mama alikuwa akikirudia kila mgeni akija," mkaza mwana alisema. "Anacheka mpaka anashika mbavu."

Alilifunga daftari, akageukia ukutani, na akamwomba mumewe afungue dirisha.