Tarehe Mosi ya Katunge

Katunge hakuwa na gari, hakuwa na shahada, hakuwa na mume wa kumsindikiza mikutanoni, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Hata hivyo, wazazi wa Kingsview Village, mtaa wetu wa Toronto, walimchagua mara tatu kuingia bodi ya shule. Ni yeye aliyenisukuma mimi, jirani yake, nikiwa na miaka hamsini na minne, nianze masomo ya jioni.

Alipofariki mwaka 2013, nilimwandikia mbunge wetu wa jimbo, nikaomba Bunge la Ontario litenge siku moja kila mwaka kwa jina lake. Alikubali. Lakini muswada ulipoandikwa, tarehe waliitoa kwenye pasipoti ya marehemu: mosi Januari, siku ya kuzaliwa.

Nilikasirika. Ile ni tarehe ya kubandikwa. Ofisa wa uhamiaji alimpa kwa sababu Katunge hakujua yake ya kweli, kama nilivyopewa mimi. Miaka ishirini nimekuwa nikiifunika kwa kidole ninapoonyesha kitambulisho. Tena siku hiyo shule zimefungwa, nani angemkumbuka? Mbunge alitaka jibu la familia kabla ya Ijumaa, basi nikaandika barua ya kupinga na kuomba siku ya Juni, nikampelekea binti wa Katunge, Philomena, nyumbani kwa mama yake, atie sahihi.

Aliisoma akicheka.

"Mzee Yusuph, unataka mama apewe Juni?"

"Juni shule ziko wazi."

"Juni alikuwa akiwapigia walimu kelele tu. Wewe Januari mosi ulikuwa unajificha wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Wenzako walikuwa hapa. Kila mwaka mama alioka keki moja, pana kama hii meza, akaandika majina ya wote waliopewa tarehe hiyo. Mara ya mwisho walikuwa kumi na saba. Lako halikukosekana hata mwaka mmoja. Kipande chako nilikula mimi."

"Alijuaje tarehe yangu?"

"Si ndiye aliyekujazia fomu ya masomo?"

Nilimwomba karatasi safi. Niliandika palepale kwamba familia na majirani wanaomba tarehe ibaki ilivyo, na kwa nini. Philomena alitaka kusahihisha neno moja; nilikataa, kwa kuwa nilikuwa sahihi. Chini ya jina langu niliongeza, bila kuulizwa: mzaliwa wa mosi Januari.

Alitia sahihi yake. Nikaramba gundi ya bahasha, nikaibana kwa kiganja, nikashuka Dixon Road kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.