Sekunde Kumi za Shikamoo

"Mwalimu, inarekodi."

"Naona."

"Sasa mbona husemi?"

"Nawangoja."

Ngassa alitazama darasa tupu: viti ishirini na sita vya plastiki, chati ya herufi ukutani, mkeka uliokunjwa. Watoto walikuwa wameshakwenda kwao tangu saa saba. "Unawangoja akina nani, mayu?" akauliza. Kwao Nzega mama huitwa hivyo, naye alilitoa jina hilo kila alipotaka kubembeleza.

"Watoto waniamkie," Fakhria akajibu, macho kwenye simu. "Au unataka niwaamkie mimi?"

Shule yao, pale Gongoni mjini Tabora, ilikuwa imeanza mtindo mpya mwaka huo. Asubuhi nusu ya watoto wa chekechea walikaa mkekani na Fakhria kwa Kiswahili, nusu nyingine wakavaa hedifoni na kusoma Kiingereza kwenye vishikwambi chini ya uangalizi wa Ngassa. Baada ya uji walibadilishana. Sauti ya Kiingereza ilikuwa ya dada mmoja mchangamfu, ambaye aliwasalimia watoto kabla hawajafungua mdomo. Watoto walimpenda. Fakhria, mwaka wake wa thelathini na moja kazini, hakumchukia, ila alimwona hakufunzwa adabu. Sasa mwalimu mkuu alitaka masomo ya Kiswahili nayo yaingie humo, kwa sauti yake Fakhria.

Angeweza kukataa. Alikubali kwa sababu ya Sheima.

Sheima alikuwa mjukuu wake wa pekee, miaka mitano, mzaliwa wa Muscat, Oman. Babu wa babu yake Fakhria alitoka huko huko, akashuka pwani, akatembea na misafara miezi mitatu mpaka Tabora, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Fauzi, mwana wa Fakhria, aliikumbuka kwa niaba yake. Alipanda ndege, akapata kazi, akaoa mwanamke mwema asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila Ijumaa alipiga simu ya video. Mtoto alitokea, akasema "hai", akakimbia.

"Anakuamkia, Mama," Fauzi alisema kila mara.

"Marahaba," Fakhria aliitikia, shingo upande. Shikamoo hapewi mtu mwingine akupelekee. Alikuwa na hamu na mtoto yule kiasi cha kuona haya. Akimfunga mwanafunzi wake Kulwa kamba za viatu darasani, aliwaza nani anamfunga Sheima, na kwa lugha gani. Desemba wangekuja wiki mbili. Hakutaka zawadi. Alitaka salamu moja, itoke kinywani mwa mtoto mwenyewe.

Ndiyo maana alimwomba Ngassa kila somo likiwa tayari, nakala moja iende Muscat.

Ngassa alikuwa kijana mwenye bidii, na bidii ndiyo iliyoharibu. Mwanzoni mwa somo alikuta kimya cha sekunde kumi, akadhani anamfanyia mama wa watu hisani. Akakikata.

Jumatatu watoto kumi na watatu walivaa hedifoni. Mara Kulwa akaivua yake, mashavu yamevimba kwa hasira.

"Mwalimu! Umeitikia hatujakuamkia!"

"Nimeitikia nini?"

"Umesema 'marahaba, wanangu'. Kishikwambi kimekula shikamoo yetu!"

Darasa zima likalalamika. Wawili walikwenda kuushika mkono wa Fakhria, wakamwamkia palepale, ili deni hilo la adabu lisilale. Jioni Fauzi akaandika kutoka Muscat: Sheima anasikiliza, Mama, ila anacheka tu, hasemi kitu.

Jumanne asubuhi Fakhria alimfuata Ngassa kwenye kabati la vishikwambi. "Umekata nini?"

"Kimya, mayu. Hapakuwa na kitu pale."

"Palikuwa na watoto pale."

Ngassa akajikuna kisogo. "Lakini mtoto wa siku hizi ukimnyamazia sekunde kumi, anahamia kwenye mchezo mwingine."

"Ahame. Akichoka kucheza atarudi. Mimi nimewangoja watoto miaka thelathini na moja, hawajawahi kukosa kuja. Rudisha."

Akarudisha. Saa ya somo, ilipofika nafasi ile, watoto walipaza sauti kama wanamwita mtu aliye ng'ambo ya reli, kwa kuwa mwenye hedifoni hasikii sauti yake mwenyewe. "Shikamoo, Mwalimu!" Karani wa shule akachungulia dirishani kujua kuna nini. Fakhria alikuwa mkekani na kundi lake, akacheka mpaka ushungi ukamteleza. Nakala ikaenda Muscat siku hiyo hiyo.

Jumatano hapakuja jibu. Alhamisi, saa ya uji, simu yake ikatetemeka. Fauzi alikuwa ametuma sauti, na maneno machache: Mama, sikiliza mwenyewe.

Fakhria akaenda kukaa kwenye kiti cha Kulwa, magoti juu, akaibana simu sikioni. Alisikia kengele ya somo, kisha kimya chake mwenyewe. Ndani ya kimya hicho kiyoyozi kilivuma. Kijiko kiligonga sahani. Mtu mdogo alivuta pumzi, akaishikilia. Sekunde zikaenda, zikaisha.

"Marahaba, wanangu," ikasema sauti yake kutoka kishikwambini, kwa furaha, kama mtu aliyeamkiwa.

Na ndipo, nafasi imeshapita, ikaja sauti nyembamba, silabi moja moja: "Shi... ka... moo, Bibi."

Somo halikumjibu. Liliendelea kuhesabu mayai. Sauti ile nyembamba ikarudia, chini zaidi, halafu rekodi ikakatika.

"Marahaba," Fakhria akasema katika darasa tupu. "Marahaba, mama. Marahaba." Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Nje watoto walikuwa wakigombania vikombe.

Ngassa alipoingia alimkuta ameshaisimamisha simu juu ya meza, imeegemea kopo la chaki, naye ameketi mbele yake ushungi sawasawa.

"Tunarekodi upya," akasema. "Sekunde kumi hazimtoshi."

"Ngapi basi, mayu?"

"Bonyeza tu. Nitakwambia."

Ngassa akabonyeza. Namba zikaanza kutembea kwenye kioo, kumi ikapita, ishirini ikapita. Fakhria alikuwa amefunga mdomo, kichwa amekiinamisha kidogo upande, anangoja.