Ubeti wa Kumi na Mbili

Honi ya meli ilinikuta natafuta kina cha shairi.

Ililia mara mbili nje ya mwamba, nami nimeinamia meza ya ofisi ya baraza la kisiwa, kalamu mdomoni. Sikuhitaji kutoka kutazama. Kisiwa kizima, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba meli ingekuja Jumatano badala ya Ijumaa. Nilijua tangu Jumatatu.

Ukarani wenyewe niliupata kwa matusi. Mwaka mzima nilibandika mashairi kwenye mlango wa ukumbi, nikiwaambia wazee wa baraza kwamba wanaatamia habari kama kuku. Wakachoka. "Haya, atamia wewe," akasema Mzee Penieli, mwenyekiti, akanikabidhi funguo na redio ya mawasiliano.

Kazi ilikuwa ndogo: kusimama ukumbini baada ya sala ya jioni na kusema, meli ni Jumatano asubuhi, itakaa saa moja tu. Lakini mwezi uliopita nilikuwa nimetangaza habari ya nguruwe wanaozurura kwa shairi, na watu walishangilia hadi wakapiga lile sanduku la mbao tunalolifanya ngoma. Aliyeonja makofi yale atatangazaje meli kwa maneno makavu? Nikatunga beti kumi na moja: mawimbi, ushujaa wa mababu na, nakiri, ubeti mmoja kuhusu mimi. Siku ya meli niliiweka ubeti wa kumi na mbili, ije kwa kishindo. Ubeti huo ndio ulionishinda.

Ndipo nikamkumbuka Bibi Temukisa. Jicho lake moja limekwisha kufa, la pili lina ukungu. Alikuwa amesubiri miezi minane madaktari wa macho wafike hospitali ya Funafuti, kisiwa kikuu. Wamefika, na yeye alikuwa asafiri na meli hii.

Nilimkuta kwenye shimo lake la pulaka, yale magimbi ya kinamasi, matope hadi magotini, akipapasa majani.

"Bibi! Meli imekuja!"

"Nenda zako. Leo Jumatano."

"Imekuja Jumatano."

"Nani kasema?"

"Redio."

"Lini?"

Nikakohoa.

Nilimpakia kwenye toroli, nikasukuma mbio huku nikiungama yote. Wanawake wakapiga kelele vibarazani: "Karani, leo habari unaipeleka kwa toroli?"

Tulipofika ufukweni, mashua ya mwisho ilikuwa imekwisha kupandishwa melini. Meli ilikuwa imetugeuzia mgongo. Mzee Penieli alisimama pale na taulo begani. "Mwenyekiti mzima," akaniambia, "nimepata habari nikiwa na sabuni kichwani."

Bibi hakushuka kwenye toroli. "Hilo shairi unalo?"

"Ninalo, Bibi."

"Soma."

Nikasoma. Ubeti wa tatu akainua mkono. "Meli iko wapi?"

"Ubeti wa kumi na mbili."

"Na mimi ningepanda ubeti wa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi ninayekunja ngumi kwa dogo kuliko hilo, nilitazama vidole vyangu vya miguu. Bibi hakucheka. Alikuwa akifuta tope kwenye jicho lililobaki.

Nikamsukuma hadi ofisini, nikaita Funafuti mbele yake. Je, madaktari watakuwepo meli ikirudi tena, baada ya wiki mbili?

"Hatujui bado," redio ikakwaruza. "Tutawajulisha."

"Hiyo 'tutawajulisha' naijua," akasema Bibi. "Nimekaa nayo miezi minane. Mtu unaketi kizani, hujui kama umesahauliwa au unasubiriwa."

Nikalikunja shairi, nikaliweka chini ya mguu mfupi wa meza. Meza ikatulia.

"Bibi," nikasema, kwa sauti ya kumfikia na Mzee Penieli, aliyetufuata hadi mlangoni, "kila asubuhi nitawaita, kisha nitakuja kwako kabla hujanywa chai. Wakisema neno, nitakuletea neno hilo hilo. Wasiposema kitu, nitakuja kukwambia hawajasema kitu."