Silikoni kwa Baiskeli ya Mtani

Mimi ni fundi baiskeli hapa Rasbura, mwaka wa kumi na tisa huu, na sipendi mteja anayenifundisha kazi. Klementi alinifundisha kila alipokuja. Nilimvumilia kwa sababu ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu, na mtani huwa hakasirikiwi. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

Alikuwa mchuuzi wa samaki. Asubuhi ananunua pwani, anafunga matenga kwenye keria, anapanda nayo hadi vijiji vya upande wa Rutamba. Maji ya samaki yalimwagikia baiskeli njia nzima, chumvi ikaila. Nikipaka grisi, vumbi linagandamana kwenye mnyororo mpaka unakuwa mgumu. Oili ya cherehani haikumaliza siku mbili. Siku moja akaniuliza, "Pazi, wewe ni fundi au mganga? Mbona kila dawa yako inaniongezea ugonjwa?"

Nikaenda naye dukani. Makopo ya kupuliza yalijaa rafu nzima, na muuzaji akayasifia yote sawasawa, kama kawaida yao. Nikayasoma moja moja. La kufungulia nati zenye kutu nikalirudisha, maana ni kali, lingeosha grisi niliyoitia kwenye beringi. Nikachagua silikoni. Haishiki vumbi, inafukuza maji, inalainisha waya wa breki ndani ya ganda lake, na haidhuru mpira wala plastiki. Kwenye mnyororo haidumu, lakini mtu anayekubali kupuliza kila asubuhi ataiona faida yake. Mpaka leo nasema nilichagua vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Nje ya duka nikampa somo. "Sikiliza. Usipulize kwenye rimu wala kwenye mipira ya breki. Ukipuliza huko, utakufa."

Akacheka mpaka wapita njia wakageuka. "Haya! Mtani ana njaa, anautaka wali wa matanga yangu!"

Namna ya kumwambia ilikuwepo. Watani wote tunaijua: unamshika mwenzio mkono, unasema utani basi, naye ananyamaza anakusikiliza. Sikumshika mkono. Ulimi ulikuwa umeshanogewa. Nikamjibu, "Tena uwe wali wa nazi, na mbuzi awe dume." Akapanda baiskeli, akaondoka anacheka.

Wiki mbili baadaye nikaletewa habari ya msiba.

Nilipofika kijijini kwao, mkewe Getrude alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake. Akanisimulia bila kuniangalia. "Shemeji, mnyororo ulishanyamaza, zikabaki breki tu, zinapiga kelele. Jumanne asubuhi akapuliza ile dawa kwenye rimu zote mbili, akazifuta kwa kitambaa zikang'aa. Akaniambia, 'Pazi alisema nitakufa. Mwone mtani alivyo mchoyo, hata dawa niliyoinunua mwenyewe ananibania.' Tukacheka."

Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya vijiji alibana breki, baiskeli ikazidi kukimbia. Waliokuwa shambani walimsikia akipiga kelele watu wapishe njia. Aligonga ukingo wa kalavati. Samaki walitapakaa barabarani, na yeye hakuinuka.

Baiskeli ilikuwa imeegemezwa nyuma ya nyumba. Nikapitisha kidole kwenye rimu ya nyuma, kikateleza. Nikakifuta kwenye suruali, nikakipitisha tena.

Mzee Tomaso, baba wa marehemu, alinikuta hapohapo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umechelewa, mtani. Msiba umetuelemea, tangu juzi hakuna aliyecheka. Njoo utufanyie kazi yako."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtani haji msibani kulia. Anakuja kumwiga marehemu, kumtukana, kuwafanya wafiwa wacheke ili roho zao zipate kupumua. Nikasimama mbele ya jeneza. Kisha nikasema, "Mimi ndiye niliyemuua. Dawa ile niliichagua mimi. Nilijua inaua breki, nikamwambia huku namchekea."

Uwanja mzima ukacheka.

"Kaanza huyo!" mtu akapaza sauti.

Nikalia. Machozi ya kweli, kamasi za kweli, mpaka nikakaa chini. Wakazidi kucheka. "Tazameni anavyojua kulia!" Getrude naye alicheka, ameshika tumbo, anajipangusa macho kwa ncha ya khanga.

Ningeweza kurudia mpaka waniamini. Nikamtazama Getrude, nikajiambia nisimnyang'anye kicheko kile. Uongo mtupu. Niliogopa.

Padri alipofika, Mzee Tomaso akaniinua, akanipangusa vumbi la suruali kwa mkono wake, akanishukuru kwa kazi nzuri. Nikasema, "Asante, baba."