Ndama na Mama Zao

Mwalimu Damian hakuuliza kwa ubaya. Hilo nalisema mapema, maana mimi ndiye niliyemnunia wiki nzima. Alikuwa anatufundisha seti, somo la algebra na mifumo ya namba, mwaka wetu wa kwanza katika chuo cha ualimu Shinyanga. Akamgeukia Zipora, mwenzangu wa chumba, mtoto wa wafugaji: kwenu mna ng'ombe wangapi? Zipora akanyamaza. Akaulizwa tena, akainamisha kichwa. Darasa likacheka, mwalimu akaona ni kiburi, akamwekea sifuri ya zoezi la mdomo.

Tulipofika chumbani kwetu, mtaa wa Kambarage, nilimfokea Zipora. Si angetaja namba yoyote tu, hata ya uongo? Mimi mtoto wa wakulima wa Ushirombo, kwetu tunahesabu mpaka mihogo. Zipora akanieleza taratibu kwamba kwa baba yake ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Ukitaja idadi yao umewaitia kifo, na ukame wa mwaka jana ulishawapunguza vya kutosha.

"Hata nikidisko, Lukresia, sitaitaja," akasema.

Na kudisko kwenyewe, yaani kuondolewa chuoni, hakukuwa mbali, kwani bila alama za zoezi lile asingeruhusiwa kufanya mtihani. Huko kijijini mama yake alishawatangazia watu wote wa mnadani kwamba ana binti mwalimu wa hesabu. Nilimhurumia mpaka hasira zikaniisha.

Wiki ilipokaribia kuisha nikamuuliza, sasa baba yako anajuaje kama ng'ombe amepotea? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. Jioni, akasema, ndama wanafunguliwa na kila mmoja anakimbilia kwa mama yake. Ndama akibaki peke yake analia, basi mama yake hajarudi.

Nikamshika mabega. Hicho ndicho tulichokuwa tunakikariri mwezi mzima bila kukielewa: kulinganisha seti mbili, moja kwa moja, bila kuhesabu.

Kesho yake nilimsindikiza kwa mwalimu kuomba kurudia zoezi. Alikubali huku akiangalia saa. Zipora alisimama ubaoni. Akachora ndama upande mmoja, mama zao upande wa pili, kisha akavuta mstari kutoka kwa kila ndama hadi kwa mama yake.

Mwalimu akamtega: je, ndama akimfuata mama wa mwenzake?

"Anapigwa teke, Mwalimu. Ndiyo maana mistari miwili haifiki kwa ng'ombe mmoja."

Darasa likacheka tena, safari hii pamoja naye. Mwalimu akasahau saa yake. Halafu, kwa sauti ya chini, akarudia lile swali la kwanza: basi hao ng'ombe ni wangapi? Nikafumba macho.

"Ni sawasawa na ndama wao," Zipora akajibu. "Hakuna aliyebaki analia."

Mwalimu akaichukua karatasi ya alama, akaikata ile sifuri, akamwambia aende akajiandae na mtihani. Zipora, ambaye wiki nzima sikumwona na chozi, akalia pale pale ubaoni.