Mizunguko Kumi Ndani ya Ukuta

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kijana mmoja alikaa mezani akipitia malalamiko ya watumiaji wa programu yake. Ilikuwa programu huria: ilichukua takwimu za mbio kutoka kwenye saa za mkononi ikazichora juu ya ramani, na yeyote aliyejua kuandika msimbo aliruhusiwa kuirekebisha. Lalamiko la tatu lilikuwa fupi. "Kuna mkimbiaji anapita katikati ya nyumba za watu. Rekebisheni."

Alifungua mchoro. Mstari mwekundu ulizunguka mara kumi, mita mia nne kila mzunguko, ukikata ukuta, nyumba sita na bwawa la kuogelea. Saa ilikuwa ya shangazi yake, mwalimu wa michezo, aliyemlea tangu darasa la pili.

Shangazi alimwambia hakuna kosa, lakini kwa siku mbili alilitafuta kwenye msimbo, asilione. Alhamisi alimfuata shangazi kwenye mazoezi.

Palipokuwa uwanja wa shule sasa palikuwa na ukuta mweupe. Uwanja ulizungushiwa mabati wakati wa likizo. Shule ilipofunguliwa, misingi ya nyumba ilikuwa imeshachimbwa. Shangazi alikaza kamba za viatu, akabonyeza saa, akakimbia. Ukuta ukampisha. Mpwa wake alisikia nyayo upande wa pili, kwenye changarawe, kisha kwenye vigae, kisha kwenye changarawe tena. Baada ya dakika mbili na nusu shangazi alitokea, jasho likimtiririka.

"Kumbe programu haina kosa," kijana alisema.

"Si nilikwambia? Wewe mbishi tu."

"Wenye nyumba wanasemaje?"

"Yule mama wa nyumba ya tatu amenisogezea kochi. Tunasalimiana."

Kijana naye alijaribu kupita, akaumia bega. Wanafunzi walikuwa wameshajaribu muhula uliopita, na mmoja alivunjika jino.

Ijumaa wakapeleka michoro ya siku mia mbili na kumi na nne kwenye ofisi ya ardhi. Ofisa aliifuata mistari kwa ncha ya kalamu, bila haraka.

"Mama, huu ni uwanja kabisa," alisema. "Hata kona zake zimekaa sawa."

"Basi turudishieni."

"Tatizo ni hili. Mnalalamika kwamba ukuta umewazuia kuutumia uwanja. Ramani yenu wenyewe inaonyesha wewe unapita kila siku. Sasa nani kazuiwa?"

"Mimi napita. Watoto hawapiti."

"Watoto wana saa?"

Hawakuwa nazo. Ofisa aligonga muhuri kwamba lalamiko halina msingi, akawasindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote.

Nyumbani kijana alimjibu yule mtumiaji: "Si kosa. Anapita kweli." Mtumiaji alishukuru, akatuma kipande cha msimbo cha kuufanya mstari uonekane vizuri zaidi juu ya mapaa. Kilifanya kazi vizuri, kikaingizwa kwenye programu.

Mashindano ya shule yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Jumatatu wanafunzi arobaini walifanya mazoezi pembezoni mwa barabara kuu, mmoja nyuma ya mwenzake. Mwalimu alisimama kwenye kona, mkono juu, akisimamisha malori. Mengine yalisimama.